Uzi: Kupanda mti wa mapambo uani – shimo, shingo ya mti, maji, na kinachoua mche mwaka wa tatu

Sepetu · #1

Wakuu, kila mvua zikikaribia swali ni lile lile: "Mche ninao, nichimbe shimo la futi ngapi?" Tuweke uzi mmoja wa kueleweka. Naleta hatua za msingi, wenye nyongeza na wenye kupinga karibuni.

Usianze na jembe. Anza na mche ukiwa bado kwenye kiriba au ndoo yake. Fukua udongo wa juu kwa kidole, taratibu, ukifuata shina kwenda chini mpaka ufike pale linapotanuka na mzizi mnene wa kwanza unapochomoza pembeni. Hiyo ndiyo shingo ya mti. Kwenye miche ya vitaluni mara nyingi utaikuta sm 3 hadi 10 chini ya uso wa udongo, kwa sababu mche ukihamishwa kutoka kiriba kidogo kwenda kikubwa huongezewa udongo juu. Vimizizi vyembamba kama nywele utakavyokutana navyo juu ya shingo, kata kwa mkasi. Havina kazi.

Sasa pima kutoka shingo hadi kitako cha donge la mizizi. Tuseme donge lina kimo cha sm 30 na shingo umeikuta sm 4 chini. Zimebaki 26. Basi shimo lako ni sm 23 au 24, lisizidi hapo, ili shingo ikae sm 2 au 3 juu ya usawa wa ardhi. Ukubwa uupeleke kwenye upana: mara mbili hadi tatu ya upana wa donge. Donge la sm 35 linataka shimo la sm 70 hadi mita 1. Shimo liwe sinia, lisiwe kisima.

Kitako cha shimo usikitifue. Donge likae juu ya udongo ambao haujaguswa, la sivyo mti utatitia na ile hesabu yote ya shingo imekwenda na maji. Kuta ndizo za kukwaruza, kwa uma wa bustani au ncha ya panga, hasa kwenye mfinyanzi. Jembe hupiga ukuta wa mfinyanzi ukang'aa kama umesiribwa, na mzizi ukifika hapo unapinda na kuanza kuzunguka.

Kiriba chana chote, toa chote. Wapo wanaokata kitako tu wakiamini mizizi itajitafutia njia, plastiki haiozi. Mche wa kwenye ndoo ulaze chini, gonga ndoo pande zote, kisha vuta kwa kushika donge, usivute shina. Ukishaingiza shimoni, laza mpini wa jembe kutoka ukingo hadi ukingo: shingo ionekane juu ya mpini. Rudi nyuma hatua kadhaa uangalie kutoka pande mbili kama mti umesimama wima, maana baada ya kufukia hutakuwa na hamu ya kurekebisha.

Rudisha udongo ule ule, nusu. Mwaga maji, subiri mapovu yaishe, jaza iliyobaki, mwaga tena. Usiruke-ruke juu yake kwa miguu. Maji yanatosha kukaza udongo.

---

Mtaimbo77 · #2

Mkuu Sepetu, nakupinga mahali pawili. Shimo la sm 24? Maelekezo ya kupanda miti ambayo wengi tumeyazoea ni futi 2 kwa 2 kwa 2, na debe la samadi iliyoiva likichanganywa na udongo wa juu. Halafu wewe unasema "udongo ule ule". Udongo ule ule ndio uliochoka! Mche utakula nini?

---

Bi_Majani · #3

Mtaimbo, hoja yako ina asili yake, lakini tuichambue.

Shimo la futi 2 lililojazwa mchanganyiko wa samadi lina matatizo matatu, na hayaonekani siku ya kupanda. La kwanza ni kutitia. Samadi na mboji huendelea kuoza ndani ya shimo, ujazo unapungua, na mti unashuka nao. Shingo uliyoiacha juu unaikuta imezama.

La pili ni maji. Udongo mwepesi wenye mboji ukizungukwa na mfinyanzi mzito, mvua ikinyesha maji yanaingia haraka kwenye ule mwepesi na hayana pa kutokea. Umejenga beseni, na mti umeukalisha ndani yake. Kiangazi ni kinyume: mchanganyiko ule unakauka upesi, na mfinyanzi wa pembeni hautoi maji yake kirahisi kuingia kwenye udongo wenye chembe kubwa.

La tatu ni uvivu wa mizizi, kama naweza kuuita hivyo. Ikikuta chakula chote ndani ya shimo, hujikusanya humo badala ya kutoka. Mti wa mapambo unasimama kwa mizizi iliyosambaa mbali kuliko kivuli chake, tena mingi ikiwa ndani ya sm 60 za juu, kwa sababu huko ndiko kuna hewa. Hakuna inachokitafuta mita 1 chini.

"Utakula nini?" Mboji iweke juu. Tandaza sm 2 hadi 3 kwenye duara la mita 1, kisha matandazo (majani au nyasi kavu za kufunika udongo) juu yake. Mvua na minyoo vitaishusha pole pole. Mbolea ya chumvichumvi, yaani urea, DAP na nyinginezo, acha kabisa msimu wa kwanza. Mche uliotoka kukatwa mizizi hauwezi kuitumia, na chumvi ikikolea hunyonya maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyaingiza. Majani yanaungua kingo, mtu anadhani ni jua. Samadi mbichi ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu ya amonia.

---

Mtaimbo77 · #4

Nimekusoma Bi Majani. Kwenye mbolea ya chumvichumvi tuko pamoja. Ila kuna uwanja ambao "udongo ule ule" si udongo: nyumba mpya. Pale uani kuna kokoto, vipande vya matofali, saruji iliyomwagika, na malori yameshindilia ardhi mpaka sururu inaruka. Hapo mnasemaje?

Na aliyekwisha chimba futi 2 afanye nini, alale njaa?

---

Bi_Majani · #5

Aliyekwisha chimba: rudisha udongo shimoni bila samadi, shindilia kidogo kidogo kila sm 15, mwagia maji mengi, uache wiki moja au mbili utitie. Kisha chimba ndani yake kishimo cha kipimo alichotoa Sepetu. Udongo wa juu ulio mweusi usiuchanganye na ule mwekundu au wa kijivu wa chini. Uliotoka chini urudi chini.

Uwanja wa kifusi ni kesi nyingine, na hapa uko sahihi. Chokaa ya saruji hupandisha pH, yaani hupunguza uchachu wa udongo, na mti unaanza kuonyesha majani ya njano yenye mishipa ya kijani. Madini ya chuma yapo ardhini, ila kwenye pH hiyo mizizi haiyapati. Toa kifusi, halafu usitengeneze shimo moja zuri katikati ya jangwa. Fungua eneo pana, kipenyo cha mita 2 au zaidi, tifua sm 20 hadi 30, na kama unaleta udongo, ulete wa eneo lote hilo. Mboji ikichanganywa kwenye eneo pana hivyo haina madhara niliyoyataja. Tatizo ni pale inapofungiwa kwenye shimo dogo.

Kabla ya yote pima kama ardhi inachuja maji. Chimba kishimo cha sm 30 kwa 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha choma kijiti pembeni chenye alama na uangalie kila saa. Yakishuka sm 2 au 3 kwa saa, panda bila wasiwasi. Yakishuka chini ya sm 1, ama tafuta mti unaovumilia maji, ama panda juu: theluthi ya donge ibaki juu ya ardhi na udongo uegemezwe kwa mteremko mpana kuizunguka. Kuweka kokoto chini ya shimo "ili maji yashuke" hakusaidii kitu. Maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo umepandisha tope karibu zaidi na mizizi.

---

Ukili · #6

Mbona hamjagusa mizizi iliyojiviringa? Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kifo cha mwaka wa tatu, wa tano, hata wa kumi.

Mche uliokaa kiribani muda mrefu, ukiutoa utaona mizizi imezunguka ukutani kama kamba ndani ya ndoo. Ukiupanda hivyo hivyo, mizizi haijinyooshi. Itaendelea kunenepa pale ilipo, shina nalo linanenepa, siku moja vinakutana. Mzizi unaukaba mti wenyewe. Unaona upande mmoja wa kilele unakuwa na majani madogo, kisha unakauka, na watu wanapulizia dawa ya wadudu.

Dawa yake ni kisu, siku ya kupanda. Kama mizizi ya kuzunguka ni myembamba, pasua donge kwa kisu kikali kutoka juu hadi chini, mistari minne, kina cha sm 2 hadi 3, kisha kata kitako kwa alama ya msalaba. Kama imeshikana mpaka huoni udongo, chukua msumeno wa kupogolea na unyoe donge zima pande zote na chini, sm 2 hadi 3. Inatisha kuangalia, lakini mizizi iliyokatwa huchipua mipya ikielekea nje. Mzizi mnene unaozunguka shingo ukatwe pale unapoanza kupinda.

Fanya haya kivulini, haraka, donge likiwa limeloweshwa saa moja kabla. Mizizi myembamba ikipigwa jua na upepo hufa baada ya dakika chache. Na kabla hujachukua mche kitaluni, inua uangalie kitako. Mzizi mnene kama kidole ukiwa umetoka kwenye tundu la kiriba, mche huo umekaa sana, waachie. Mfupi wenye mizizi mizuri utampita mrefu wa hivyo.

---

Kichanga · #7

Shukrani kwa madini haya wakuu. Swali: maji lita ngapi, na mara ngapi? Kila mtu ana namba yake.

---

Sepetu · #8

Kwa unene wa shina. Pima shina sm 15 juu ya ardhi, kila sentimita ya kipenyo ipe lita 3 hadi 4 kwa mara moja. Shina la sm 3 ni kama lita 10, nusu ndoo kubwa. Wiki mbili za kwanza kila siku au siku moja baada ya nyingine. Kutoka hapo hadi mwezi wa tatu, kila baada ya siku 2 au 3. Baadaye mara moja kwa wiki mpaka mti ujishike. Mvua nzuri ikinyesha, ruka zamu.

Lakini namba bila kidole ni kubahatisha. Sogeza matandazo, chomeka kidole ndani ya donge lenyewe, sm 5 hadi 8. Udongo ukiwa na ubaridi na unashika kidole, subiri. Nasisitiza donge lenyewe kwa sababu udongo wa kitaluni ni mwepesi, hukauka kabla ya udongo wa pembeni. Unaweza kukuta uwanja una tope na donge limekauka kama sifongo, mti unanyauka kwenye maji.

Ndiyo maana ukingo wa udongo wa kuzuia maji, kimo cha sm 8 hadi 10, unajengwa juu ya mzunguko wa donge mwanzoni. Baada ya miezi michache uubomoe, na maji uyapeleke nje zaidi. Mwaga polepole, dumu lenye tundu dogo chini likiachwa limwagike lenyewe linafanya kazi nzuri kuliko mpira uliofunguliwa wote.

Jani lililolegea halikuambii kama ni kiu au ni kuzama. Kiu: kingo za majani zinakuwa kavu, zinavunjika, na donge linaachana na ukuta wa shimo. Kuzama: majani ya njano, laini, yanadondoka yakiwa na maji yake, na udongo ukiunusa una harufu ya yai bovu. Wa pili ukiumwagia maji zaidi umeuzika.

---

Bi_Majani · #9

Niongeze matandazo, maana tumeyataja kwa kupita tu. Vipande vya mbao, majani makavu, nyasi zilizokauka (zisizo na mbegu), kina cha sm 5 hadi 8, duara la mita 1 au zaidi. Yasiguse shina. Acha nafasi ya sm 10 wazi kuzunguka shingo. Ile lundo la kichuguu mnayoiona imeegemezwa kwenye shina inaweka gome kwenye unyevu mchana na usiku, gome linaoza, na mahali penye mchwa umewawekea ngazi.

Kazi ya pili ya duara hilo ni kumweka mbali mwenye kufyeka majani. Fyekeo au mashine ya nyasi ikila gome kuzunguka shina lote, mti umekwisha hata kama majani yana wiki kadhaa ya ukijani. Chakula kinachotoka kwenye majani hushukia mizizini kupitia kwenye gome.

---

Mtaimbo77 · #10

Vigingi je? Watu wanafunga mti kama mgonjwa wa kuvunjika mguu, kamba ya katani, mafundo matatu, kisha wanasahau.

---

Ukili · #11

Mche unaosimama wenyewe usiufunge. Shina likitikiswa na upepo hunenepa kwa chini na kujenga mizizi ya kushikilia; likibanwa huwa refu na jembamba, siku ya kufunguliwa linainama.

Kama unalala, weka vigingi viwili nje ya donge, kila upande kimoja, mstari wao ukikata uelekeo wa upepo. Fungia chini, theluthi moja ya urefu wa mti, kwa mkanda mpana: kitambaa imara au kipande cha tyubu ya baiskeli, kwa umbo la nane ili shina lisigusane na kigingi. Shina liweze kucheza sm chache. Kagua kila mwezi, ondoa ndani ya mwaka mmoja. Kile kijiti cha kitaluni kilichofungwa kwenye shina tangu utotoni, ondoa siku ya kupanda.

Kupogoa siku hiyo ni kwa matawi yaliyovunjika, yaliyokufa na yanayosuguana tu. Mengine yaache, majani ndiyo yanayolisha mizizi mipya. Isipokuwa mti wenye vilele viwili vinavyoshindana: chagua kimoja, kingine kifupishe. Samaki mkunje angali mbichi. Vilele viwili vilivyobanana kwa pembe kali hukua na gome katikati yao, na baada ya miaka hupasuka pale pale. Kidonda usikipake rangi wala lami.

---

Kichanga · #12

Na umbali kutoka nyumbani? Ninafikiria jakaranda au mkrismasi, uwanja si mkubwa.

---

Sepetu · #13

Uwanja mdogo, mkrismasi (Delonix regia) usahau. Kilele chake hupanuka kuliko kimo chake, na mizizi yake ya juujuu huinua sakafu ya nje. Upe mita 10 kutoka kwenye kuta, karo na njia za saruji. Jakaranda nayo ni mti mkubwa, usiipunguzie sana. Jamii ya mikuyu ya mapambo, ile Ficus benjamina inayokaa vizuri chunguni, ikishuka ardhini ni mnyama mwingine.

Bomba zima la maji taka mizizi hailipasui. Huingia pale linapovuja kwenye maungio, kisha hupanua ufa. Hata hivyo usiijaribu.

Kwa uwanja mdogo kuna Callistemon yenye maua kama brashi ya chupa, Lagerstroemia, au Plumeria, mita 3 hadi 4 kutoka ukutani. Plumeria ina utomvu mweupe unaowasha, vaa glavu ukikata. Penye watoto wadogo au mifugo, Nerium oleander na Cascabela thevetia yenye maua ya njano zina sumu kila sehemu, mbegu hadi majani. Na tazama juu kabla ya kuchimba: nyaya za umeme.

---

Mtaimbo77 · #14

Tahadhari kwa wa mitende na michikichi ya mapambo: ushauri wa Ukili wa kisu hauwahusu. Hii jamii haina shingo kama ya miti mingine, na mizizi yake ikikatwa mingi haichipui kutoka kwenye kidonda. Toa kiriba bila kuvunja donge, panda kwa kina kile kile ilichokuwa nacho. Usipigilie msumari kwenye shina kufungia vitu. Kidonda chake hakizibi maisha yote.

---

Kichanga · #15

La mwisho. Kuna jakaranda imepandwa mwaka na nusu uliopita, shina la sm 4, linaingia ardhini moja kwa moja kama nguzo ya umeme, hakuna kutanuka. Majani yamekuwa madogo msimu huu. Imezikwa?

---

Ukili · #16

Imezikwa. Kwa umri huo bado inaokolewa. Fukua kwa mkono na kijiti, si jembe, duara la sm 30 kuzunguka shina, mpaka mizizi minene ya kwanza.

Shingo ikiwa kwenye kina kisichozidi sm 8, ondoa udongo huo na uache bakuli pana lenye mteremko mdogo, halafu usiruhusu ujae tena wala maji yatuame humo. Mizizi inayozunguka shina, iliyo myembamba kuliko theluthi ya unene wa shina, kata kwa patasi au mkasi. Iliyo minene zaidi usikate yote kwa siku moja, gawanya misimu miwili.

Shingo ikiwa chini zaidi ya hapo, subiri mvua zianze, lowesha siku moja kabla, chimba donge la angalau sm 45 kwa upana, inua kwa turubai lililopitishwa chini, weka udongo shimoni na ushindilie, kisha rudisha mti kwa kipimo cha mpini wa jembe kama Sepetu alivyoeleza. Maji yaanze upya kana kwamba imepandwa leo: lita 12 hadi 16.

Gome lililokuwa chini ya udongo litakuwa laini na jeusi kidogo. Likwaruze kwa ukucha sehemu ndogo. Chini yake pakiwa kijani au cheupe chenye maji, endelea na kazi. Pakiwa kahawia kuzunguka shina lote, usihangaike, tafuta mche mwingine.